Lango la Pili na Kabichi za Mgeta

Jumatano asubuhi Sajenti Agustino, mpelelezi kwa miaka kumi na minne, aliingia kituoni kwake kwa dirisha la stoo. Mguu wa kulia ulitangulia, tumbo likafuata baada ya mabishano, na kiatu cha kushoto kikatua juu ya kabichi iliyooza. Koplo Upendo, aliyekuwa humo akitafuta karatasi za kaboni, alimwokotea kofia, akaipangusa, akampa bila kuuliza neno. Ilikuwa siku ya tatu.

"Bado yupo?" Agustino alinong'ona.

"Yupo, afande. Pale pale mlangoni. Leo kaja na mkeka."

Aliyekuwa mlangoni ni Bibi Yuliana, mama mkwe wake, mkulima wa Mgeta huko juu milimani. Alishuka Jumatatu na basi la kwanza, akakaa kwenye ngazi za kituo, na tangu hapo hakulia, hakulaani, hakumwuliza mtu kitu. Alikuwa akimenya njegere. Na mtu aliyelelewa vizuri, awe wa Gairo kama Agustino au wa Mgeta kama huyo bibi, hapiti mlango mmoja na mama mkwe wake hata wakakaribia kugusana mabega. Kwa hiyo bibi alibaki na mlango, mkwe akahamia dirishani.

Kilichomleta bibi kilikuwa rumande: mwanawe wa kiume, Laurenti, fundi wa kompyuta, kaka wa mke wa Agustino. Saa nane mchana siku hiyo alikuwa asomewe mashtaka ya kuharibu mtambo kwa makusudi. Aliyemkamata alikuwa shemeji yake mwenyewe, tena Jumapili, tena huko huko Mgeta, kwenye ngazi za kanisa watu wakitoka misa ya pili, mama mzazi yuko hatua tatu nyuma na rozari mkononi. Laurenti alipomwuliza, "Shemeji, kuna nini?" Agustino alimtia pingu na kutangaza ili hata wanakwaya wasikie: "Serikali haina shemeji!"

Maneno yalikuwa matamu siku ile. Kufikia Jumatatu wauza mchicha walikuwa wakiitana nayo sokoni.

Na hizo kabichi? Hizo zilikuwa kielelezo. Wakulima wa Mgeta walikuwa na mnunuzi Dar es Salaam, na kila Ijumaa kabla ya saa sita katibu wao, Mzee Dominiko, alitakiwa amthibitishie mzigo kwa barua pepe, si kwa simu, kutoka intaneti kafe ya Mama Pramila, karibu na soko. Ijumaa ile mtandao ulikufa saa tatu. Uthibitisho haukwenda, mnunuzi akachukua mzigo kwingine, na kabichi zilizokuwa zimekwisha kushushwa mlimani kwa vichwa vya akina mama zikabaki zinapigwa jua kando ya barabara. Mzee Dominiko alipakia magunia manne akayaleta polisi. Alisema hataondoka nayo mpaka apewe mtu.

Agustino alikuwa amempa mtu.

* * *

Laurenti aliletwa chumba cha mahojiano. Siku tatu za rumande zilikuwa zimemkunja shati lakini si uso.

"Ijumaa, saa tatu mpaka saa sita, ulikuwa wapi?"

"Ngerengere, shemeji. Nilikuwa na—"

"Afande."

"Ngerengere, afande. Nafunga dishi kwa mwenye duka mmoja."

"Simu ilizimwa."

"Iliisha chaji."

"Alhamisi ulionekana stendi na Maneno, dalali wa kabichi. Mtu ambaye kabichi za Mgeta zikikosa mnunuzi, anazipata kwa bei ya kutupa. Ukampa bahasha. Ndani kulikuwa na nini?"

"Diski. Ina picha yake."

"Picha ya nini?"

"Ile bahati nasibu ya viza ya Marekani. Nusu ya mji huu inacheza. Mimi nawapiga picha, naziweka kwenye diski, wao wanakwenda kafe kujaza fomu."

Kalamu ya Agustino ilisimama. Kisha ikaandika neno moja, "picha", ikapiga mstari chini, ikahamia ukurasa mwingine. Koplo Upendo, aliyekaa pembeni, alimtazama. Mkubwa wake huyu, mtu akimtajia bahasha, humng'ang'ania mpaka amwambie gundi yake ilikuwa ya rangi gani. Hii ya Maneno ilipita kama treni isiyo na abiria.

"Tuje kwenye ruta uliyoifunga kafe, ile inayogawa mtandao," alisema Agustino haraka. "Uliwaambia wakulima kwamba kafe ina malango mawili ya kutokea. La kwanza dishi la setilaiti, la pili laini ya simu. Ukawaapia kwamba moja likifa, ruta inahamia la pili yenyewe, bila mtu kugusa."

"Nilisema hivyo."

"Ijumaa laini ya simu ilikuwa nzima?"

"Nzima. Mama Pramila alikuwa akiongea nayo."

"Basi kwa nini ruta haikuhama?"

Laurenti alizitazama pingu zake. "Jumamosi ulikuwa umefunga kafe, ukakataza mtu kugusa kitu. Niliomba niitazame tu ruta, ukaniruhusu. Nikaitazama."

"Ukaona nini?"

"Inaandika kila badiliko, siku na saa. Kaiulize yenyewe. Mimi sina neno."

"Unamficha mtu."

"Kama namficha, basi namficha."

Agustino alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Mtu anayeficha, kwake yeye, ni mtungi wenye ufa, unasubiri tu. Akaagiza gari, akaagiza Mzee Dominiko aitwe kama mlalamikaji, na wote watoke kwa geti la nyuma.

* * *

Mama Pramila alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mzaliwa wa mtaa ule ule, na alifungua mlango wa kafe kama mtu anayefungua nyumba ya msiba. Mashine nane zilikaa kimya chini ya vitambaa vya kufumwa. Nyuma ya kaunta, juu ya meza ndogo, palikuwa na ruta, na kando yake kisanduku cha setilaiti chenye waya mnene uliopanda ukutani mpaka kwenye dishi juu ya bati. Taa ya kisanduku iliwaka kijani.

"Mtandao?" aliuliza Agustino.

"Tangu Ijumaa, afande, hakuna."

"Na taa inawaka."

"Inawaka tangu Ijumaa."

Agustino alipenda majaribio. Yalimfanya ajione mpelelezi wa kwenye sinema. Alishika waya wa umeme wa kisanduku akauchomoa. Taa ikafa. Alitazama saa yake. Sekunde kumi, ishirini, thelathini. Mashine ya kaunta ikalia mlio mdogo, na barua pepe za siku tano zikaanza kumiminika kama watoto wanaotoka shule.

"Imehama!" Mzee Dominiko aliruka. "Imekwenda laini ya simu! Yaani Ijumaa yote ile tulikuwa tuchomoe waya tu?"

"Kwa hiyo inafanya kazi," alisema Agustino. Uso wake haukufurahi. Mtambo mzima ni kesi ngumu zaidi ya mtambo uliovunjwa. Alirudisha umeme. Taa ikawaka kijani, na kabla hajamaliza kunyoosha mgongo, barua pepe zilikatika. Ruta ilikuwa imerudi lango la kwanza, na lango la kwanza lilikuwa maiti.

"Dishi lenyewe lina nini?"

"Kiungio cha waya kule juu kitakuwa kimeingia maji," alisema Laurenti. "Ijumaa saa tatu mvua ilishuka na Uluguru yote."

Agustino hakumwamini. Akaomba ngazi, akapanda mwenyewe, akafungua kiungio. Maji yalimtiririka mpaka ndani ya mkono wa koti. Alishuka taratibu, akakaa kwenye kiti cha mteja.

"Haya. Mvua ndiyo iliyoua dishi. Nani aliyeizuia ruta isijue?"

Laurenti aliomba mashine ya kaunta. Kwa mikono iliyofungwa pamoja aliandika nywila na kufungua ukurasa wa ruta.

"Kila sekunde kumi ruta inatuma swali kupitia lango la kwanza: huko mbele mpo? Nilivyofunga mimi, swali linapanda dishini, linakwenda angani, linashuka kwenye mashine ya mbali, Ulaya, na jibu linarudi njia hiyo hiyo. Jibu likikosekana mara tatu, ruta inahamia laini ya simu. Sasa soma anwani inayoulizwa."

Koplo Upendo alisoma namba. Akainama, akasoma kibandiko cha kisanduku chenye taa ya kijani. Namba zilikuwa zile zile.

"Inakiuliza hiki hiki cha hapa mezani," alisema.

"Na hiki kina umeme, kwa hiyo kinajibu nipo. Angani kuwe na njia, kusiwe na njia, chenyewe kipo."

Mzee Dominiko alikunja mikono. "Yaani ni kama kumtuma mtu akaangalie kama barabara ya Mgeta inapitika, naye akaishia stendi kwa mkata tiketi. Upo? Nipo. Akarudi akasema barabara safi."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Na kabichi zangu ziko kwenye hiyo barabara safi."

Agustino alikwisha kusimama. Damu ya uwindaji ilikuwa imemrudia. "Badiliko lilifanywa lini?"

Upendo alisogeza ukurasa chini. "Tarehe kumi na nne Novemba. Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kwa nywila ya kaunta."

"Ya kaunta!" Agustino alimgeukia Mama Pramila, kidole mbele. "Fundi alikuachia nywila ya dharura. Kaunta ni yako. Mama, ni wewe!"

"Ni mimi," alisema Mama Pramila.

Hakuna mpelelezi anayependa kujibiwa hivyo. Inamwacha na kidole hewani. Mama Pramila alivuta daftari la shule kutoka chini ya kaunta, lile analoandikia malalamiko ya wateja, akafunua, akamgeuzia. Upendo ndiye aliyesoma, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja. Mashine namba nne. Afande A. Kuna mawingu, mtandao unahama na kurudi. Fomu yake imekatika mara tatu. Amefoka. Laurenti kwenye simu anasema atakuja kesho kurekebisha muda wa kusubiri. Afande amesema yeye ni askari, hasubiri kesho, nifanye isirukeruke sasa hivi. Nimeweka anwani inayojibu siku zote. Ametulia."

Feni ilizunguka darini.

"Siku ya pili Laurenti alikuja," alisema Mama Pramila, macho kwenye kitambaa cha kaunta. "Akaniuliza kama bado inarukaruka. Nikasema hapana, imeacha. Niliona haya kumwambia nimegusa ruta yake. Na Ijumaa kichwa kilikuwa kimekwisha kusahau, au kilijisahaulisha, sijui."

"Afande A," alisema Agustino. Sauti ilitoka nyembamba. "Maafande wako wengi. Yuko Athumani. Yuko Abeli wa usalama barabarani. Mashine namba nne anakaa mtu yeyote."

"Afande, usinifanye nifungue droo," alisema Mama Pramila.

"Fungua! Hapa tunatafuta ukweli!"

Laurenti alisema, "Shemeji, acha." Lakini alikwisha kuchelewa, na droo ilikwisha kulia.

Ilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Printa siku ile ilikuwa imekwama. Ilipokwamuka, mteja alikwisha ondoka. Juu palikuwa na picha ya Agustino, katika tai ya kuazima, akitabasamu kwa Marekani yote. Chini majibu ya fomu. Mzee Dominiko, ambaye Kiingereza alikipata seminari kabla hajapata mke, aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Jina, Agustino. Mahali pa kuzaliwa, Gairo. Hali ya ndoa..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hajaoa."

Akaiweka karatasi mezani polepole, uso chini, kama mtu anayefunika sufuria.

Agustino alitazama ruta, akatazama dari, akatazama kila kitu ndani ya kafe isipokuwa watu. Shingo yake ilikuwa imetoa jasho mpaka kola ikalowa. Mwisho alimwuliza Laurenti, bado akiiangalia feni:

"Ulijua tangu lini?"

"Karatasi, tangu Novemba. Mama Pramila alinipa nikuletee. Niliisoma, nikamwomba aifungie. Hilo la ruta nililijua Jumamosi."

"Mbona hukusema? Siku tatu umelala sakafuni!"

"Ningesema mashine namba nne, wangeuliza mashine namba nne ilikuwa ikijaza nini. Dada anauza vitumbua mbele ya kituo chenu, afande. Angepitaje pale?"

Agustino alitafuta ufunguo wa pingu. Aliutafuta mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati, na alipoupata ukamponyoka ukaingia chini ya meza ya mashine namba nne. Alipiga magoti kuuchukua. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ufunguo ulivyohitaji.

"Kwenye jalada niandike nani aliyeagiza?" Upendo aliuliza, kalamu tayari.

"Andika mteja asiyejulikana," alisema Laurenti.

"Haitakutoa," alisema Mzee Dominiko. "Nywila zote ulizitengeneza wewe. Mwendesha mashtaka atasema huyo asiyejulikana ni wewe. Na mimi nitarudi Mgeta niwaambie akina mama nini? Kwamba kabichi zao ziliozeshwa na asiyejulikana?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro robo. Agustino alitoka chini ya meza. Magoti ya suruali yalikuwa na vumbi na hakulipangusa. Alijaribu pingu ya kwanza, ikamgomea kidogo, ikafunguka, akafungua ya pili.

"Andika jina langu," alisema. "Lote."

Laurenti alisugua viganja, kisha bila kuombwa akakaa kwenye mashine ya kaunta. Alirudisha anwani ya mbali. Akaiambia ruta isihame mpaka majibu yakosekane mara tano, na ikishahama isirudi mpaka lango la kwanza limejibu dakika kumi mfululizo. Hiyo ndiyo dawa ya kurukaruka aliyotaka kuileta siku ile. Kisanduku kilikuwa na umeme, taa kijani, dishi limekufa juu ya bati. Wote watano walisimama wakihesabu kimoyomoyo. Kwenye sekunde ya hamsini mashine ya kaunta ililia, na barua pepe zikaendelea zilipoachia.

"Ukitaka kuijaribu usichomoe umeme," Laurenti alimwambia Mama Pramila kwa upole. "Umeme ni karibu mno. Kata mbali, uone kama inajua."

Mama Pramila aliandika hayo kwenye daftari.

* * *

Saa saba na nusu gari lilisimama mbele ya kituo, si nyuma. Agustino alishuka wa kwanza. Bibi Yuliana aliwaona wote, akamwona mwanawe mikono mitupu, akasogeza bakuli la njegere ili watu wapite. Agustino alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuongeza neno, naye hakuongezewa. Walikuwa hawajawahi kusemeshana zaidi ya hapo kwa miaka tisa ya ndoa.

Mkuu wa kituo alisoma maandishi ya Upendo akiwa amesimama, akapiga simu mahakamani, akasema mashtaka yasimame na fundi aende kwao. Kisha akamgeukia Agustino. "Wewe utatoa maelezo kama mtu mwingine yeyote. Kaunta."

Kaunta ilikuwa pale pale mbele, wazi, hatua nne kutoka mlangoni. Agustino alisimama upande wa raia kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Alisema kwa sauti ya chini, na Upendo aliandika. Ilichukua nusu saa. Katikati yake mkewe, Neema, alifika na kapu la vitumbua kumletea mama yake chakula, akamkuta kaka yake yuko nje, akamkumbatia, akapiga kigelegele kimoja kifupi, akakaa naye kwenye mkeka akicheka na kulia. Agustino aliisikia ile sauti mgongoni. Hakugeuka.

"Nimemaliza," alisema Upendo.

"Nipe nisaini."

"Bado, afande. Taratibu unazijua. Maelezo yanasomwa kwanza kwa sauti mbele ya aliyeyatoa."

"Mimi nakubali yalivyo."

"Ulinifundisha wewe mwenyewe. Yasiposomwa, hayana nguvu."

"Basi soma polepole. Chini chini."

Upendo alianza chini chini. Jina, umri, kazi. Tarehe kumi na nne Novemba, saa za kazi, nilikwenda intaneti kafe. Kule mlangoni kumenya njegere kulikoma.

"Binti," aliita Bibi Yuliana, kwa heshima zote, "samahani. Masikio yangu ya kizee. Pandisha kidogo."

Upendo alimtazama Agustino, naye Agustino alitazama mbao za kaunta. Askari wa zamu aliacha kupiga muhuri. Upendo akapandisha.

"...Nikamwamuru mwenye kafe abadilishe ruta, kwa sababu ilikuwa ikikatisha fomu yangu. Siku kumi na nane baadaye ruta hiyo ilishindwa kuhama, kabichi za watu zikaoza, na mimi nikamkamata mtu asiye na kosa mbele ya kanisa, mama yake akiwa anaona. Fomu niliyokuwa najaza ilikuwa ya kuomba kwenda Marekani. Sikumwambia mke wangu. Mahali pa hali ya ndoa niliandika kwamba sijaoa."

Neema alikuwa amesimama, kapu bado mkononi. Barabarani mtu aliita bei ya nyanya.

"Hapo," alisema Bibi Yuliana, "hapo pa mwisho, binti. Sikupasikia vizuri. Rudia."

Alikuwa amepasikia vizuri kabisa. Upendo akarudia.